Ngojeni Nije

Njiru, Nairobi
9 Agosti 2025

Senge yangu Asenath,

Nakusalimu kwa heshima, mimi mtoto wa kaka yako. Mulongo ametuambia kwamba simu sasa unazisikia kama nyuki kwenye mtungi, na kwamba hutaki mtu mwingine akusomee meseji zako. Basi nimenunua karatasi. Lori lake la ndizi hushuka Gikomba kila baada ya wiki mbili, naye ameahidi kubeba barua zetu kwenda na kurudi bila kuzifungua.

Huku tu wazima. Nabiswa amehamishiwa zamu ya asubuhi kiwandani, kwa hiyo mimi na mume wangu sasa tunakula pamoja jioni kama watu. Binti yetu Jacky anamaliza Gredi ya Tisa na Januari ataenda shule ya bweni. Amenipita kimo na anapenda kunikumbusha. Maji yanakuja mara mbili kwa wiki. Kiwanja cha jirani kimeota ghorofa nne tangu Pasaka, na jua la asubuhi tumelisahau.

Sasa neno lenyewe. Mzee Patrobas amerudi kwao Vihiga kupumzika, na wanachama wa karakana yetu ya Shauri Moyo wamenichagua mimi kuwa mwenyekiti. Tuko ishirini na watatu. Unajua kazi yetu ni masanduku ya bati ya wanafunzi. Mwaka huu, kwa sababu ya mtaala mpya, hapakuwa na kidato cha kwanza, na Januari nzima tulikaa tukitazamana. Lakini Januari ijayo Gredi ya Kumi wanaingia mabwenini, na duka moja kubwa la mjini limetuagiza masanduku elfu moja na mia mbili. Hatujawahi kupata kazi kama hii.

Shida ni kwamba Mzee Patrobas alikuwa mpole mno. Kila mtu alifanya lake. Mwezi wa Juni watu wawili walinunua rangi nyekundu siku moja, na ya kijani ikakosekana kabisa. Masanduku sabini yalipelekwa kwa mteja bila komeo. Nilipokubali uenyekiti, Mzee Naftaly, ndiye aliyenifundisha kushika nyundo nikiwa msichana wa miaka ishirini, aliniambia, "Marion, tuongoze. Usituchunge." Sikumwelewa, na sikutaka kumwuliza mbele ya watu.

Wewe uliongoza akina mama wa maziwa huko Kimilili miaka kumi na tisa. Nikiwa mdogo nilikuona ukiingia mkutanoni na watu wote wakanyamaza. Niambie ulifanyaje. Niambie pia ulivyoachia, maana baba hakuwahi kutusimulia.

Wako,
Marion Nasambu


Kimilili
30 Agosti 2025

Mwanangu Marion,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwenye karatasi bado nasikia vizuri. Huku tunavuna mahindi, na mwaka huu hayakutuaibisha. Goti langu la kushoto linajua mvua kabla ya mawingu. Mke wa Mulongo amejifungua msichana, wamempa jina langu la nyumbani, Nangila. Analia kwa sauti kubwa hata mimi namsikia.

Umechaguliwa, na baba yako angefurahi. Sasa sikiliza. Kosa la mzee wenu lilikuwa kuacha funguo zizagae. Zichukue zote: za ghala, za rangi, za mashine. Mtu akitaka kuwasha, aje kwako. Akitaka kuzima, aje kwako. Watanung'unika mwezi mmoja, kisha watazoea, na wakishazoea watakushukuru, kwa sababu watu wengi hupenda kuamuliwa. Usicheke nao ovyo. Mtu akileta wazo, mwambie utalifikiria, hata kama umeshalikataa moyoni. Ukikosea, usikiri mbele yao. Rekebisha kimya kimya, uendelee. Kiongozi akishaomba radhi mara moja, wataidai kila Jumatatu.

Huyo Naftaly mheshimu, lakini asikuzoee.

Ndivyo nilivyofanya, na maziwa ya Kimilili yalifika kiwandani kila siku, mvua au jua.

Kuhusu nilivyoachia, ni habari ndefu na karatasi imeisha. Msalimie Nabiswa. Jacky asikate nywele kabla sijamwona.

Shangazi yako,
Asenath


Njiru
27 Septemba 2025

Senge mpendwa,

Karatasi yako haikuwa imeisha. Nusu ya ukurasa wa pili ilikuwa nyeupe. Sikulaumu, nakutania tu.

Tumeshukuru kwa mahindi mabichi uliyotutumia, Jacky aliyachoma yote siku moja. Nabiswa alipata homa wiki iliyopita, sasa amepona. Kanisani wamenipa usomaji wa Jumapili mbili mfululizo, nadhani kwa sababu wamesikia mimi ni mwenyekiti wa kitu fulani.

Nimefuata ulivyoniambia. Funguo zote nimezitia kwenye kamba na kamba iko shingoni mwangu. Wiki za kwanza walinung'unika kama ulivyosema. Sasa hakuna rangi inayonunuliwa mara mbili, na hakuna sanduku linalotoka bila komeo, kwa sababu kila sanduku nalikagua mwenyewe. Tumeshamaliza mia tatu na themanini. Mwenye duka alikuja kutazama, akasema karakana imepata mama.

Lakini kuna jambo sielewi. Zamani Naftaly alikuwa akiona bati lina kutu analiweka kando. Sasa analibeba mpaka ofisini kwangu, analilaza mezani, anauliza, "Mwenyekiti, hili tulifanyeje?" Mtu wa miaka sitini na moja. Asubuhi nikifika nawakuta watano wamesimama nje ya mlango, mmoja anataka misumari, mwingine anataka kujua kama aende msalani sasa au baadaye. Huyo wa msalani nadhani alikuwa ananidhihaki, lakini sikuweza kuwa na hakika. Jana chai ya saa nne niliinywa saa tisa, imeshapoa. Nilitaka kuja kwenye mazishi ya mzee wetu wa Chwele, nikashindwa. Kanisani nilipigiwa simu mara tatu wakati wa mahubiri.

Kuna dada mmoja, Eve, ndiye msimamizi wa meza ya kukata. Ana akili na ana haraka. Alinijia akasema kila meza iwe inakagua mashine yake asubuhi kabla ya kazi, na atakayeona kasoro aizime palepale. Nilimwambia nitalifikiria. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Sawa, mwenyekiti." Hajaleta wazo jingine tangu siku hiyo.

Nimekuwa kama mlango, Senge. Hakuna apitaye bila kunisukuma. Wewe ulitokaje?

Wako,
Marion


Kimilili
11 Oktoba 2025

Mwanangu,

Mvua imetushika tangu Jumapili. Barabara ya Chwele imekatika, ndiyo maana hii itachelewa. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, bahati mbaya. Kaka yako amepaka nyumba chokaa, upande mmoja tu, halafu akaenda zake.

Unachokiona ni uchovu wa mwanzo. Wakija mlangoni maana yake wanakuheshimu. Huyo Eve mwangalie kwa jicho la pembeni. Mtu mwenye mawazo mengi mara nyingi anapima kiti chako kwa macho.

Kaza moyo. Ukishamaliza hiyo kazi ya Januari, hakuna atakayekuuliza ulikunywa chai saa ngapi.

Shangazi yako,
Asenath


Njiru
8 Novemba 2025

Senge,

Tu wazima wote. Jacky amemaliza mtihani. Nabiswa anakusalimu. Mvua imefika huku pia, na barabara yetu imekuwa uji.

Kazi inaendelea. Tumefika mia saba. Naftaly anapumzika nyumbani kwa muda.

Nina swali moja. Je, mwenyekiti anaweza kujiuzulu katikati ya kazi, kama ana sababu, bila kuitaja?

Marion


Kimilili
22 Novemba 2025

Marion,

Barua yako ina mistari tisa tu, na maandishi yamelala upande mmoja kama nyasi baada ya mafuriko. Nimekufundisha kuandika, najua mkono wako.

Nangila mdogo ameanza kucheka. Goti langu ni lilelile. Hizo ndizo habari zetu, sasa zako.

Naftaly anapumzika nini? Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini hapumziki mwezi wa Novemba kazi ikiwa nyingi kuliko zote maishani mwake. Nilimwuliza Mulongo, maana yeye hushusha ndizi hatua mia moja kutoka karakana yenu. Akainama kukagua tairi. Nilimzunguka mpaka upande wa pili wa lori, akaanza kukagua tairi la upande huo. Mwishowe aliniandikia kwenye kiganja changu kwa kalamu: MWULIZE YEYE.

Kwa hiyo nakuuliza. Swali lako la kujiuzulu sitalijibu mpaka nijue sababu usiyotaka kuitaja.

Asenath


Njiru
6 Desemba 2025

Senge Asenath,

Leo sitaanza na habari za nyumbani. Wote ni wazima.

Jumatano tarehe ishirini na mbili Oktoba nilikuwa kwenye semina mjini. Ilikuwa semina ya viongozi wa vyama, juu ya uongozi bora na kufanya kazi kwa pamoja. Nilifika karakana alfajiri, nikafungua, nikawasha mashine ya kukata mabati, nikaondoka na funguo shingoni. Saa nne na dakika arobaini Eve alinitumia meseji. Naijua kwa moyo. "Kinga ya mashine imelegea, nati moja imetoka. Tuzime?"

Niliisoma. Mwalimu wa semina alikuwa amesimama mbele yetu akichora duara ubaoni, akisema watu wa chini nao washirikishwe katika maamuzi, na mimi nilikuwa nayaandika maneno hayo kwenye daftari. Nilifikiria masanduku ya Ijumaa. Nilifikiria kwamba Eve anapenda kuzima vitu. Nikamjibu, "Ngojeni nije."

Wakangoja. Kungoja kwao kulikuwa kuendelea kukata, kwa sababu sheria yangu ilisema mashine haizimwi bila mimi. Saa sita kasoro kinga ikafunguka. Naftaly alikuwa analisukuma bati. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na cha tatu hakikunjiki tena.

Nilipofika hospitalini walikuwa wameshamfunga. Watu wetu kama kumi walikuwa kwenye benchi. Kweyu, yule wa kuchomelea, akaniuliza, "Mwenyekiti, kwani hukujua hiyo mashine ni mbovu?" Nikasema sikujua. Nikasema simu yangu ilikuwa imezimwa kwa sababu ya semina. Eve alikuwa ameketi palepale, simu yake mkononi. Aliinua macho akanitazama, kisha akayashusha.

Hajasema neno juu ya meseji ile mpaka leo. Laiti angesema. Kila asubuhi anakuja mlangoni. "Mwenyekiti, nifungue dirisha?" Nasema fungua. "Mwenyekiti, nimefungua dirisha. Nifagie?" Sauti yake haina hasira wala kejeli. Anafanya nilivyoagiza, neno kwa neno. Watu wanadhani ameninyenyekea. Mimi tu najua kinachoendelea. Naogopa kumfokea, naogopa kumsifu, naogopa kumpa likizo wasije wakauliza kwa nini. Nikiingia ofisini nasikiliza hatua zake. Nyumbani nako siwezi kupumua, maana Nabiswa ameniuliza mara mbili nina nini, na nimemwambia ni kazi.

Nilifikiri nitajiuzulu. Nilimgusia Kimani, katibu wetu. Akasema, "Haiwezekani. Mkataba una sahihi yako. Na funguo zote unazijua wewe. Tutaanzia wapi?" Nilijenga nyumba nikasahau kuweka mlango wa kutokea.

Naftaly sijaenda kumwona tangu hospitali. Namtumia salamu.

Sijamwambia mtu mwingine haya.

Marion


Kimilili
20 Desemba 2025

Mwanangu Marion,

Nimekaa na barua yako siku tano. Mulongo alitaka kuondoka Alhamisi, nikamwambia angoje, akangoja.

Umeniuliza mara mbili nilivyoachia uongozi wa maziwa, na mara mbili nimekuficha. Watu wote wa hapa wanasema niliacha kwa sababu ya masikio. Mimi ndiye niliyewaambia waseme hivyo. Wakati ule masikio yangu yalikuwa mazima.

Tulikuwa na tangi la kupozea maziwa. Nekoye, yule wa ua wa tatu kutoka kwangu, ndiye aliyekuwa analitunza. Siku moja kipimo chake kikaanza kusema uongo, kikionyesha baridi wakati maziwa yalikuwa ya uvuguvugu. Nekoye aligundua akanyamaza wiki tatu. Alinyamaza kwa sababu mwaka uliotangulia mwenzake aliniletea habari mbaya, nami nikamsimamisha mkutanoni, nikamwuliza mbele ya wanawake arobaini kama amesoma hata darasa moja. Kwa hiyo Nekoye akawa anaomba Mungu na kutumaini. Maziwa ya siku nne yalirudishwa kutoka kiwandani yakiwa yameganda. Tuliyamwaga mtaroni. Watoto walikuja kutazama.

Jumapili iliyofuata walikutana kanisani bila kuniambia. Nilipita njia hiyo, funguo mkononi, nikitaka kufungua ofisi. Nikawaona dirishani. Wote walikuwa wameinua mikono. Wengine nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kuandika majina yao. Ningeweza kwenda zangu, lakini nikasimama hapo nje mpaka wakatoka. Hakuna aliyenisalimu wala aliyenitukana. Nekoye akaja mbele, akanyoosha mkono. Nikampa funguo. Ndivyo nilivyoachia. Ni miaka kumi na moja, na sijasema naye tangu siku hiyo, na kila asubuhi naona moshi wa jiko lake.

Sasa hili ndilo gumu zaidi. Ushauri niliokupa mwezi wa Agosti ni uleule ulioniangusha, na nilijua hivyo nilipokuwa nauandika. Nilitaka wewe uutumie ufaulu, ili nijue kosa halikuwa langu. Vidole vya mzee huyo vimo mkononi mwangu pia.

Sina ushauri mwingine wa kukupa. Nenda nyumbani kwa Naftaly ukamwone. Usitume salamu.

Shangazi yako,
Asenath Nangila


Njiru
14 Februari 2026

Senge mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Jacky ameingia shule, alilia kidogo langoni na mimi nikalia zaidi. Masanduku yote elfu moja na mia mbili yalitoka kabla ya mwaka mpya. Nabiswa nimemwambia kila kitu. Siku ya tatu akaanza kunitilia chai asubuhi.

Nilienda Kiamaiko Jumamosi ya tarehe tatu Januari. Naftaly anakaa nyuma ya soko la mbuzi. Mkewe, anayeitwa Mama Wangu kwa jina la mtoto wao, alinifungulia, akanipa kiti, akaenda kusimama jikoni bila kuweka maji motoni. Naftaly alikuwa akijifundisha kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Sikungoja amalize. Nilitoa simu, nikamwonyesha ile meseji na jibu langu.

Aliisoma polepole. "Najua," akasema. "Eve alinisomea wakati ule ule. Alisema, 'Mwenyekiti anasema tungoje.'"

Nikamwuliza kwa nini hakuizima tu.

Alinitazama mpaka nikatamani sakafu ipasuke. "Mimi ni fundi miaka thelathini na mitatu," akasema. "Ile mashine nilijua itauma. Niliisikia. Na bado nilisimama pale nikingoja ruhusa ya msichana niliyemfundisha kushika nyundo. Nimekaa hapa tangu Oktoba nikijiuliza ni lini nilikuwa mtu wa kungoja."

Nikasema naomba unisamehe. Akasema, "Hilo bado. Kwanza waambie wenzako." Mama Wangu alitoka jikoni, akamsaidia kifungo cha juu. Chai sikupewa, na sikustahili.

Tulikutana karakana tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi, mashine zote kimya. Naftaly alikuja. Niliisoma meseji kwa sauti, nikasoma jibu langu, nikasema niliwadanganya hospitalini. Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kweyu akamgeukia Eve. "Na wewe ulinyamaza miezi mitatu?"

Eve akasema, "Nilikuwa nangoja ruhusa ya kusema. Si ndiyo sheria?" Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa glavu, uso ukabaki na grisi. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa karibu na swichi. Ilikuwa hapa. Ningenyoosha mkono tu." Nilimwambia kosa ni langu. Akasema, "Usiniondolee la kwangu pia."

Nilivua ile kamba ya funguo, nikaiweka mezani, nikasema najiuzulu. Ilikaa pale. Nilifikiri mtu ataichukua, kama Nekoye alivyochukua zako, nami nitatoka nje na kuvuta hewa. Hakuna aliyeigusa. Kimani akasema, "Ukitoka leo tutamchagua mwingine, ataivaa vilevile. Kaa hapo uifungue hiyo kamba mwenyewe." Wakapiga kura. Nitakaa mpaka Juni. Kila meza imepewa funguo zake. Eve anaendesha mikutano ya Jumatatu na mimi nakaa kwenye benchi na wengine, naomba nafasi ya kusema kwa kuinua mkono. Naftaly anawafundisha wapya, kwa mshahara wake uleule. Mashine, yeyote anayeiona ina kasoro anaizima, bila kuuliza mtu.

Hawakunisamehe wala hawakunifukuza. Kila asubuhi naingia kwa mlango uleule, Senge, na wananisalimu vizuri, na hakuna anayekuja ofisini. Zamani foleni ilinichosha. Sasa nakaa peke yangu na chai moto, nahesabu miezi.

Jumanne iliyopita nikasikia mashine ya kukata imenyamaza katikati ya kazi. Nilingoja mtu aje kuniambia. Hakuja mtu. Nikatoka. Kweyu alikuwa ameizima. "Kuna kitu kilikuwa kinalia vibaya," akasema. Walikuwa wameifungua, wameichungulia kwa tochi, hawakuona kitu, wameifunga tena. Dakika arobaini zilikuwa zimepotea, na dereva wa mteja alikuwa nje akipiga honi.

Maneno yalinijaa mdomoni, yaleyale ya zamani. Watu wote waliacha kazi wakanitazama. Naftaly alikuwa mbele yao, mkono wa kulia mfukoni kama anavyouweka siku hizi. Nilisema, "Haya," basi, kwa sababu hilo ndilo neno pekee nililoliamini.

Kweyu hakusogea. Kidole chake kilikuwa kwenye swichi, macho yake kwangu, anangoja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anangoja niseme awashe. Nikageuka, nikarudi ofisini, nikakaa kwenye kiti, mikono chini ya mapaja kama mtoto wa shule. Honi ililia mara mbili. Nilisikia wanaongea kwa sauti ya chini, Eve, kisha Naftaly, kisha Kweyu.

Halafu nikaisikia mashine imewaka.

Mwanao,
Marion Nasambu